Hewa kwanza: hotuba kwa wanaojenga na kukarabati nyumba zao kabla ya baridi

Hotuba hii niliitoa Njombe mjini mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha kujenga, wiki chache kabla ya msimu wa baridi. Waliokuwa mashambani siku ile wameomba waipate kwa maandishi, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Michoro niliyokuwa nikionyesha ukutani nimeiacha.

Kamwene!

Kamwene tena, maana upande huu wa kushoto sikuwasikia!

Mwenyekiti wa kikundi, mtendaji wetu wa kata, wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha: asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kazi tunazojifanyia wenyewe majumbani mwetu. Mwenyekiti alinipa mada tatu: kupitisha hewa, kuleta joto, na umeme. Nimemwomba ruhusa nizifanye mada moja, kwa sababu ndani ya nyumba hazijawahi kuwa tatu. Anayeziba dirisha anagusa jiko. Anayeingiza jiko anagusa hewa. Anayenunua hita anagusa nyaya zilizolala juu ya dari. Mimi ni fundi umeme, na mara nyingi naitwa nyumba ikishapata hitilafu. Nikifuatilia chanzo, nakuta tatizo lilianzia kwenye kimoja kati ya hivi vitatu likajitokeza kwenye kingine.

Sikuja kuwakataza kazi ya mikono. Nani atathubutu kuwaambia watu wa Njombe wasijifanyie kazi? Nyumba za huku zimejengwa na watu waliofyatua matofali wenyewe, wakayachoma wenyewe, wakapanda juu ya kenchi na nyundo yao wenyewe. Nimekuja kuomba kitu kimoja: mpangilio. Hewa kwanza. Halafu tuzuie joto lisitoroke. Umeme uje mwisho.

Sasa tuulizane kwa ukweli. Baridi ikibisha hodi, sisi tunaanza na nini? Tunaanza kwa kuziba. Tunaziba kila tundu, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, na mwenye uwezo ananunua hita akaichomeka kwenye soketi ileile yenye televisheni na pasi. Tumepindua mpangilio wote. Wahenga walituambia tuzibe ufa, nasi tumeziba hadi matundu ya hewa.

Naelewa kwa nini. Hapa tulipo ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Makete mpaka Kitulo unapita mita 2,600, na asubuhi ya Julai unakuta umande umeganda juu ya majani. Jamaa zetu wa Dar es Salaam wanatafuta feni wakati sisi tunatafuta blanketi la tatu. Baridi ya huku haina mzaha, na mtu anayetetemeka usiku hana muda wa kusikiliza nadharia. Kwa hiyo sitazungumza nadharia.

Nianze na hewa.

Kuna nyumba moja hapa mjini, sitaitaja, ambako mama kijana alikuwa amejifungua na bado yuko ndani. Mnajua desturi yetu: mama mzazi atunzwe, asipigwe na baridi, mtoto asipate vichomi. Ni desturi nzuri yenye upendo mwingi. Jioni ile waliingiza jiko chumbani, mkaa ukiwa umeshawaka vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Wakaegesha mlango. Asubuhi mama mkwe akaja na uji. Akabisha, hakuitikiwa. Alipoingia akamkuta binti ameketi sakafuni ameshika kichwa, ametapika, anazungumza maneno yasiyoungana, na mtoto amelegea hataki ziwa.

Yule bibi hakusimama kuuliza. Alimchukua mtoto, akamvuta binti kwa mkono mpaka uani, akapiga kelele majirani wakaja na bodaboda na gari. Hospitali wakawekewa oksijeni. Wote wawili wapo, na mtoto sasa anatembea. Lakini nataka mjue nilichokiona nilipoitwa kukikagua chumba kile, kwa sababu familia ilidhani ni hitilafu ya umeme. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu ya hewa, yale ya tofali zenye maua. Yote yalikuwa yamejazwa vipande vya kitenge na mifuko ya plastiki, vimeshindiliwa kwa ncha ya kisu mpaka vimekaza. Kazi safi kabisa. Mtu alikuwa amepanda juu ya stuli akaifanya kwa uangalifu, kwa kumpenda yule mama.

Wangapi hapa mmewahi kusikia kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu, moshi ukaisha, hauna madhara? Inueni mikono. Msione aibu. Haya, mnaona wenyewe, ni karibu ukumbi mzima.

Ndugu zangu, moshi ni onyo tu. Kinachoua ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa ukiwaka katikati ya jiko, hewa inayotoka chini hugeuka kuwa kaboni dioksaidi, halafu hiyo ikipita kwenye mkaa mwekundu ulio juu yake hugeuka tena kuwa kaboni monoksaidi. Kwa hiyo mkaa mwekundu, mzuri, usio na moshi, ndio hasa unaoitengeneza. Ikiingia kwenye mapafu, inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kitu cha kukufaa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinaingia, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, usingizi unakuja mtamu. Aliyelala tayari hapati hata hiyo nafasi ya kuumwa kichwa.

Kuna mambo tunaambiana mtaani ambayo nataka yaishie leo. Wapo wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko ili maji yanyonye sumu. Hewa hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Wapo wanaosema walale kitandani, kwa sababu hewa mbaya hukaa chini. Uzito wake unakaribia sana uzito wa hewa ya kawaida, inachanganyika chumba kizima, kitandani na sakafuni ni mamoja. Na wapo wanaomnywesha maziwa aliyezidiwa. Maziwa hayagusi chochote hapa. Mtoe nje penye hewa, kisha hospitali, hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu damu huchukua saa nyingi kujisafisha yenyewe, na oksijeni ya hospitali hufupisha muda huo sana. Mkumbuke pia kwamba jenereta inatoa hewa hiyohiyo. Jenereta barazani chini ya dirisha la chumba cha kulala ni hatari ileile.

Hewa kwanza. Nitairudia mpaka mnichoke.

Sasa mtu atauliza: fundi, unataka tulale na matundu wazi tufe kwa baridi? Hapana. Nataka tujue tundu lipi lizibwe na lipi liachwe. Upepo unaokutesa usiku unapita chini: chini ya mlango, pembeni mwa fremu, kwenye kioo kilichopasuka. Huo uzibeni bila huruma. Matundu ya juu, karibu na dari, yaacheni, na kama hayapo, yatoboeni. Tofali mbili zenye matundu juu ya ukuta mmoja na nyingine mbili ukuta wa pili zinatosha chumba cha kawaida cha kulala. Wekeni wavu wa mbu kwa ndani, na kwa nje kipande cha bati kilichoinama ili mvua isiingie. Hii ni kazi ya mtu mwenye patasi, nyundo na saruji kidogo. Haihitaji fundi wa kumlipa.

Na matundu hayo yana kazi nyingine. Asubuhi mkiamka mkakuta bati linatoa jasho, matone yanaangukia blanketi, mnafikiri maji yale yanatoka wapi? Yanatoka kwenye pumzi zenu na kwenye chai mliyochemsha jana usiku. Mvuke unapanda, unakutana na bati baridi, unageuka maji. Ukiuzibia njia, ukuta unaota ukungu mweusi kwenye pembe nyuma ya kabati, watoto wanakohoa hadi Septemba, na matone yanaingia kwenye nyaya na taa. Hapo ndipo mimi naitwa.

Jikoni ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu za majumbani zilichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Serikali yetu imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, na aliye na uwezo wa gesi au jiko la umeme asisubiri. Lakini kuni na mkaa bado vipo, na mimi nasema na mtu atakayepika ugali leo jioni. Mjengee dohani. Nyumba za zamani za misheni huku Nyanda za Juu zina dohani hadi leo, nendeni mkazitazame zilivyojengwa. Dohani inavuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi inapanda, na inapopanda inaita hewa nyingine kutoka chini. Bomba lipite juu ya kofia ya paa kwa nusu mita au zaidi kidogo, la sivyo upepo utausukuma moshi urudi ndani. Bomba la chuma lisigusane na mbao za kenchi; liacheni na nafasi, na mlizungushie bati pale linapotoboa dari. Na chini lazima pawe na tundu la kuingiza hewa. Dohani nzuri kwenye jiko lililozibwa pande zote haivuti kitu.

Nimekaa sana kwenye hewa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Tuje kwenye joto.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wetu anayeheshimika, alinifuata akitaka nimfungie hita mbili za ukutani. Nikaenda kuona nyumba. Sebule nzuri, matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo, nikainua macho nikaona bati. Bati tupu, na kenchi, na kofia ya paa. Nikamwambia: mwalimu, nikikufungia hita hapa nitakuwa napasha joto mawingu ya Njombe kwa gharama yako.

Tukakaa tukapiga hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 5 inakula uniti 10, yaani kilowati-saa 10. Kwa bei ya Sh 356 kwa uniti ambayo wengi wetu tumezoea kuiona kwenye risiti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, hiyo ni Sh 3,560 kwa usiku mmoja. Mwezi wenye siku 30 ni Sh 106,800. Na hiyo ni hita moja. Kwa yule aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, usiku wa nane tu ameshalivuka.

Mwalimu hakununua hita. Alinunua mbao nyembamba za msindano, zimepigwa randa, akamwita mjukuu wake, wakaanza kupiga dari. Nilipita kuwaona. Mzee amevaa miwani, misumari iko mdomoni, anabana kila ubao kwenye mwenzake kwa kabari kabla ya kupiga, ili asiache nafasi ya hata unene wa sarafu. Akimaliza mstari anapitisha kiganja chini ya maungio kuhisi upepo. Akihisi kitu, anang'oa anarudia. Nilimpa maagizo matatu tu. Aache mlango mdogo wa kupandia darini, ili fundi akitaka kukagua nyaya asivunje kazi yake. Asizibe nafasi zilizo kwenye ukingo wa paa juu ya dari, ili mvuke unaopenya upate pa kutokea. Na matundu ya hewa ya vyumba yabaki chini ya dari, yafanye kazi yake.

Baada ya dari akakata tyubu ya zamani ya gari kuwa mkanda, akaupigilia chini ya mlango wa nje ili usugue sakafu. Akapaka puti mpya kwenye vioo vilivyolegea. Akasogeza kitanda kutoka ukuta wa nje kwenda ukuta wa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa hita yake. Baridi ilipokuja alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

Mama zangu mtaniuliza: na maji ya kuoga? Hapo ndipo umeme ni rahisi kuliko mnavyodhani. Ndoo ya lita 20, kuitoa nyuzijoto 15 kuifikisha 40, inahitaji kama uniti 0.6. Ni Sh 200 na ushee. Kupasha maji ya mtu kuoga ni nafuu. Kupasha hewa ya nyumba isiyo na dari ndiko kunakofilisi watu. Kwa hiyo dari kwanza, hita baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki.

Neno moja la tahadhari hapa. Baadhi yetu wanachukua maranda viwandani wanayamwaga juu ya dari kwa sababu yanazuia baridi. Ni kweli yanazuia. Yanazuia pia joto la waya lisitoke, na yanashika moto. Msiyaweke darini penye nyaya. Nitawaonyesha kwa nini, na hapa naingia kwenye umeme.

Kijana mmoja mchapakazi, anayejua kutumia mikono, alinunua shawa ya umeme ya wati 5,500. Alitaka mke wake na watoto waoge maji ya moto. Ni baba mzuri. Akatazama video kwenye simu, akaona ni kazi ya dakika 20. Akapanda darini, akatafuta waya wa soketi ya chumbani, akaumenya, akausokotea waya wa 1.5, yaani wa milimita za mraba 1.5, ule tunaotumia kwenye taa, akaviringisha tepu, akaushusha bafuni. Ikawaka. Maji ya moto. Familia ikashangilia.

Tatizo likawa moja: mtu akiwa katikati ya kuoga, povu kichwani, breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inajikata. Ni ya ampea 16. Inapandishwa, inajikata tena. Kijana akaamua kwamba breka ni mbovu. Akaenda dukani akanunua ya 40, akabadilisha. Haikujikata tena.

Ndugu zangu, breka ile haikuwa mbovu. Breka ni mlinzi wa waya, na kijana wetu alimfukuza mlinzi kwa sababu alikuwa anapiga kelele usiku.

Tuhesabu pamoja. Wati 5,500 ugawe kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. Waya wa 1.5 haukukusudiwa kubeba hizo, sembuse ukiwa umefunikwa. Na pale aliposokota na kuviringisha tepu, tuseme pana ukinzani mdogo sana, omu 0.1 tu. Ampea 24 zikipita hapo zinazalisha joto la wati karibu 58 mahali padogo mno. Shikeni balbu ya zamani ya wati 60 ikiwa imewaka, mtajua ninachosema. Sasa liwekeni joto hilo ndani ya tepu ya plastiki, mlifunike kwa maranda makavu, juu ya mbao za msindano zenye utomvu.

Waliokoka kwa pua ya mke. Alisikia harufu ya plastiki kwa siku mbili, akamwambia mumewe, mumewe akasema ni majirani wanachoma taka. Siku ya tatu akakataa kulala ndani mpaka mtu aje. Nikaja. Nilipofukua maranda kwenye lile ungio, nilikuta shimo jeusi la ukubwa wa sahani, na ubao chini yake umegeuka mkaa kwa kina cha kidole. Waya ulikuwa umebaki shaba tupu. Ningependa kila mwenye nyumba hapa angeuona ubao ule.

Shawa kama ile inataka njia yake yenyewe kutoka kwenye meni bodi, lile boksi kuu lenye breka za nyumba, bila kuunganisha na soketi wala taa. Waya wa 4 au wa 6 kulingana na umbali na maelekezo ya mtengenezaji, breka inayolingana na waya huo, na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Breka huchaguliwa kwa kutazama waya. Ikijikata mara kwa mara, inakuambia kitu. Tafuteni inachosema kabla ya kwenda dukani.

Nimetaja ethi. Hebu niulize swali lingine. Nyumba ngapi hapa zina kandambili maalumu mlangoni mwa bafu, na mgeni anaambiwa, "vaa hizo ukioga, maji yanachoma kidogo"? Naona watu wanatazamana. Kandambili zile zinatuambia kwamba nyumba haina ethi, au ethi imekatika, au fimbo yake inayopigiliwa ardhini ilikatwa nusu ili izame haraka. Maji hayatakiwi kuchoma kabisa, hata kidogo. Leo umevaa kandambili, kesho mtoto ameingia pekupeku na kushika bomba.

Fimbo ya ethi inatakiwa izame yote mpaka kwenye udongo unaoshika unyevu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba udongo wetu wa juu unakauka, na fimbo fupi iliyokuwa inafanya kazi masika inaacha kufanya kazi kiangazi, wakati huohuo ambapo shawa inatumika kuliko miezi yote. Pamoja na ethi, wekeni kile kifaa tunachokiita RCD, cha miliampea 30. Kinafanya jambo moja: kinalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi. Ukipungua, maana yake kuna sehemu unavuja, labda kupitia mwili wa mtu, nacho kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyezeni mara kwa mara. Kisipokata, kimekufa, badilisheni.

Koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo sitaisema kwa kirefu kwa sababu nimeshasema sana kwenye misiba. Zimeni ukutani, chomoeni plagi, toeni koili, ndipo mkono uguse maji. Kwa mpangilio huo, kila siku, hata mkiwa mnawahi kazini. Na mtoto asitumwe kuangalia kama maji yamechemka.

Mnaweza kufanya nini wenyewe kwenye umeme? Mengi. Kubadilisha balbu na holda, meni swichi ikiwa imezimwa. Kufunga plagi: waya wa kahawia kwenye L, wa bluu kwenye N, wa kijani na njano kwenye ethi, skrubu zikazwe mpaka waya usivutike, na fyuzi ilingane na kifaa, taa ya mezani haihitaji fyuzi ya ampea 13. Kuzibua vumbi. Kuhesabu vifaa vilivyo kwenye ekstensheni moja na kuvipunguza. Na kabla ya kugusa chochote, mkitumia testa, ijaribuni kwanza kwenye soketi mnayojua ina umeme. Testa iliyokufa inasema kila waya hauna umeme.

Meni bodi, ethi, njia mpya, chochote cha bafuni, hayo mwachieni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwombeni awaonyeshe leseni hiyo. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mita ya LUKU msiifungue kamwe, hiyo ni mali ya TANESCO, shirika la umeme, na kule ndani hakuna breka yenu ya kuwalinda. Nawaambia hasa wa vijijini. Umeme umewafikia kwa Sh 27,000 ya kuunganishwa, mkaanza na taa mbili na soketi moja, na ni baraka kubwa. Halafu nyumba ikaongezwa chumba, chumba kikaongezwa soketi, soketi ikaongezewa friji, na vyote bado vinaning'inia kwenye waya wa siku ya kwanza. Rudini mkaukague waya ule.

Nimemaliza ya kwangu, zimebaki taarifa. Mwenyekiti ameridhia kikundi kigharamie fundi mwenye kipimo cha ethi, apite nyumba za wanachama mtaa kwa mtaa kabla ya Juni. Katibu ana orodha pale mezani. Andikeni jina, mtaa, kama bafuni mna shawa ya umeme, na kama matundu ya hewa yamezibwa. Nyumba zenye wajawazito, watoto wachanga na wazee zitaanza. Wenye ngazi ndefu tunaomba mtuazime, kwa sababu kutoboa matundu kwa wajane wa kikundi tutakufanya sisi wenyewe siku za Jumamosi, na patasi ninazo za kutosha. Kalamu iko kwa katibu. Karibuni maswali.